Blogu na Kuonekana kwa Tovuti Katika Injini za Utafutaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa na watu ambao tayari wana tovuti, wawe wauzaji, watoa huduma, taasisi au watu binafsi, na ambao wangependa kupatikana pale mtu anapoandika shida yake kwenye Google, Bing au injini nyingine ya utafutaji. Majibu hayana urefu sawa kwa kuwa maswali yenyewe hayana uzito sawa. Mfano mmoja unajirudia, nao ni wa tovuti inayouza pampu za maji. Msomaji anaweza kuuhamishia kwenye shughuli yake mwenyewe.

Je, kuwa na blogu peke yake kunapandisha tovuti katika matokeo ya utafutaji?

Hapana. Hakuna injini ya utafutaji inayoipa tovuti alama kwa sababu tu menyu yake ina neno "Blogu". Kinachopangwa katika matokeo, kwa sehemu kubwa, ni ukurasa mmoja mmoja kwa kulinganishwa na swali lililoulizwa, na faida ya blogu ni kwamba inakupa mahali pa kuweka kurasa ambazo sehemu nyingine za tovuti haziwezi kuzibeba. Ukurasa wa bidhaa una kazi yake: kutaja vipimo, bei na namna ya kuagiza. Ukiujaza pia maelezo ya kwa nini pampu inanguruma bila kutoa maji, utamchosha mtu aliyekuja kununua.

Lakini yule mwenye pampu inayonguruma yupo, na haandiki "nunua pampu" anapotafuta. Anaandika tatizo lake kama anavyoliona. Tovuti isiyo na ukurasa unaozungumzia tatizo hilo haishindwi katika mashindano hayo, kwa maana haimo kabisa. Blogu huingiza tovuti katika maswali mengi madogo ya namna hiyo, moja baada ya jingine.

Injini ya utafutaji huifikiaje makala mpya?

Kwa hatua tatu ambazo mara nyingi huchanganywa. Kwanza roboti ya injini, kama Googlebot ya Google au Bingbot ya Bing, hutambaa kutoka kiungo hadi kiungo na kupakua kurasa inazozikuta. Kisha ukurasa husomwa na, ikionekana unafaa, huingizwa katika faharasa, yaani hazina kubwa ya kurasa ambamo majibu hutafutwa. Hatua ya tatu ni kupangwa, na hiyo hutokea kila mara mtu anapouliza swali.

Tofauti hii ina manufaa ya moja kwa moja, kwa sababu makala isiyoonekana inaweza kuwa imekwama katika hatua yoyote kati ya hizo, na kila hatua ina tiba yake. Ikiwa haijatambaliwa, huenda hakuna ukurasa mwingine unaoiunganisha, au faili ya robots.txt inawazuia wageni wa aina hiyo kuingia. Ikiwa imetambaliwa lakini haikuingizwa katika faharasa, huenda inafanana mno na ukurasa mwingine au haina jambo la kutosha. Ikiwa imo katika faharasa lakini iko mbali sana katika orodha, hapo ndipo suala la ubora na ushindani linapoanza. Watu wengi huandika upya makala nzima wakati kosa lao ni alama moja ya "noindex", inayoikataza injini kuuingiza ukurasa katika faharasa, iliyosahauliwa na fundi aliyejenga tovuti.

Ramani ya tovuti, yaani faili ya XML inayoorodhesha anwani za kurasa zako, husaidia ugunduzi. Faili moja inaruhusiwa kuwa na anwani hadi 50,000, kiwango ambacho blogu ya kawaida haitakikaribia. Bing na Yandex zilianzisha pia utaratibu wa IndexNow mwaka 2021, unaoiwezesha tovuti kutoa taarifa pale ukurasa unapoongezwa au kubadilishwa, badala ya kungoja roboti ipite tena.

Nianze kuandika kuhusu nini?

Chanzo bora cha mada kiko karibu kuliko programu yoyote ya kuchambua maneno, nacho ni maswali ambayo wateja wanakuuliza tayari kwa simu, kwa ujumbe na ana kwa ana. Swali lililoulizwa na watu watatu wasiofahamiana huenda linaandikwa pia katika kisanduku cha utafutaji na wengine wengi ambao hawakupata namba yako. Muuzaji wa pampu atakuwa amekwisha kueleza mara nyingi kwa nini pampu ya kunyonya iliyowekwa juu ya ardhi haiwezi kuvuta maji ya kisima chenye kina cha mita 15. Jibu lake ni zuri: maji hayavutwi na pampu, bali husukumwa na mgandamizo wa hewa ya anga, na mgandamizo huo hauwezi kuyainua kupita mita 10 na kidogo hata pampu iwe na nguvu kiasi gani, kwa vitendo kikomo huwa mita 7 au 8. Kwa hiyo kisima cha kina hicho kinahitaji pampu ya kuzamishwa au aina nyingine inayosukuma maji kutoka chini. Hiyo ni makala kamili. Inamwokoa msomaji na ununuzi wa kifaa kisichomfaa, na inaishia kwa kawaida kabisa kwenye kiungo cha ukurasa wa pampu za kuzamishwa.

Chanzo cha pili ni ripoti ya utendaji ya Google Search Console, huduma isiyolipiwa, ambayo huonyesha maneno yaliyoandikwa na watu kabla ya kurasa zako kujitokeza mbele yao. Tafuta humo maneno ambayo tovuti yako imeonyeshwa mara nyingi bila kubofywa, na ambayo hayana ukurasa uliotengwa kwa ajili yake. Hapo injini inakuambia kwamba inakuhusisha na jambo fulani lakini haijapata kwako ukurasa wa kulijibu. Chanzo cha tatu ni mapendekezo yanayojitokeza chini ya kisanduku cha utafutaji unapoanza kuandika, kwa kuwa hayo hutokana na utafutaji halisi wa watu.

Ukishapata swali, litafute mwenyewe kabla ya kuandika neno hata moja. Kurasa zinazotangulia zitakuonyesha kile ambacho watafutaji wa swali hilo huridhika nacho. Zikiwa zote ni kurasa za bidhaa, makala yako ya maelezo haitapata nafasi kirahisi. Zikiwa ni video, huenda picha za hatua kwa hatua zitahitajika. Zikiwa ni makala zinazorudia maneno yale yale bila hata moja kutaja kipimo, basi mlango uko wazi. Mada pana mno ziachwe. Makala iitwayo "Umuhimu wa maji katika maisha ya binadamu" haijamsaidia mtu yeyote kuchagua pampu, na bado blogu za biashara zimejaa vichwa vya aina hiyo, kwa sababu ni rahisi kuviandika bila kujua lolote.

Maneno muhimu yarudiwe mara ngapi katika makala?

Hakuna idadi. Tumia maneno ambayo msomaji mwenyewe angeyatumia, yaweke katika kichwa cha makala na mapema katika maelezo, kisha andika kama unavyozungumza na mtu anayekuelewa. Kulirudia neno ili kuilaghai injini ni mbinu ambayo Google inaihesabu kuwa taka (spam), na tangu mwaka 2019, ilipoanza kutumia mfumo wa lugha uitwao BERT, uwezo wake wa kuelewa maneno kwa kuzingatia yale yanayoyazunguka umekua sana. Vilevile usipoteze muda kujaza lebo ya meta ya maneno muhimu, iliyofichwa katika msimbo wa ukurasa: Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo ya utafutaji wake wa kawaida.

Makala iwe na maneno mangapi?

Iwe na maneno yanayotosha kulijibu swali. Google imesema wazi kwamba haina idadi inayoipendelea. Makala ndefu mara nyingi hufanya vizuri kwa sababu imegusa mambo mengi ambayo msomaji alitaka kuyajua, na mtu anayeona urefu huo huiga urefu bila kuiga mambo. Suala la pampu na kisima cha mita 15 linaweza kuelezwa kwa maneno 600. Kuchagua ukubwa wa pampu kwa shamba la umwagiliaji hakuwezi.

Je, ni lazima kuchapisha kila wiki?

Si lazima. Ratiba humsaidia mwandishi asizembee, na wasomaji wanaofuatilia blogu hufurahia kujua lini watapata jipya, lakini hakuna kanuni inayosema kwamba tovuti inayochapisha mara nne kwa mwezi itapangwa juu ya ile inayochapisha mara moja. Upya huwa na uzito katika maswali yanayodai upya, kama vile habari, bei na matoleo mapya ya programu. Kanuni ya mgandamizo wa hewa haijabadilika, na makala inayoieleza vizuri haizeeki kwa kufikisha miaka mitatu.

Ipo tabia ya kubadilisha tarehe ya makala ya zamani bila kugusa maudhui ili ionekane mpya. Hilo halifai. Badilisha tarehe pale ulipobadilisha jambo.

Kichwa, maelezo ya meta na anwani ya makala vina nafasi gani?

Kichwa kina nafasi kubwa kuliko vingine viwili, kwa kuwa kinaiambia injini makala inahusu nini na wakati huo huo ndicho anachokisoma mtu anapochagua abofye wapi. Kiwe cha kweli, kifupi, na chenye jambo lenyewe mwanzoni. "Kwa nini pampu ya juu haivuti maji ya kisima kirefu" ni bora kuliko "Siri ambayo mafundi hawataki uijue", hata kama cha pili kinaonekana kuwa na mvuto zaidi. Ifahamike pia kwamba tangu 2021 Google imekuwa ikibadilisha kwa wingi zaidi kichwa kinachoonyeshwa katika matokeo ikiona ulichokiandika hakiendani na ukurasa, hivyo kichwa cha kutega huishia kufutwa.

Maelezo ya meta, yaani muhtasari mfupi unaoweza kuonyeshwa chini ya kichwa katika matokeo, hayapandishi ukurasa. Kazi yake ni kumshawishi msomaji, na hata hivyo injini inaweza kuchagua sentensi nyingine kutoka ndani ya makala. Anwani nayo iwe fupi na yenye maneno yanayosomeka, kisha iachwe ilivyo.

Viungo vya ndani vina umuhimu gani?

Vina umuhimu mkubwa kuliko vinavyopewa, na hapa ndipo blogu nyingi hupoteza kazi waliyoifanya. Makala huchapishwa, hukaa juu ya orodha kwa wiki chache, kisha husukumwa chini na makala mpya hadi inafika ukurasa wa tisa wa kumbukumbu, ambako si mtu wala roboti anayekwenda mara kwa mara. Haiunganishwi na ukurasa wowote wa bidhaa wala na makala nyingine. Makala ya namna hiyo ni yatima: imo ndani ya tovuti lakini haina ndugu.

Kila makala inapaswa kuwa na viungo vya pande mbili. Kwanza, itoe kiungo kuelekea ukurasa ambao msomaji angeuhitaji baada ya kuelewa jibu, ambao mara nyingi ni ukurasa wa bidhaa au huduma. Pili, makala za zamani zinazogusa jambo hilo zirudiwe na kuongezewa kiungo kuelekea makala mpya. Hatua hii ya pili husahaulika karibu kila mara, ilhali huchukua dakika kumi. Maneno yanayobeba kiungo yaeleze kilicho upande wa pili. Kiungo kilichoandikwa "pampu za kuzamishwa kwa visima virefu" kinamwelekeza msomaji na injini pia, wakati "bofya hapa" hakimwelekezi yeyote.

Mada ikishakuwa na makala sita au saba, inafaa kutengeneza ukurasa mmoja mkuu unaoieleza kwa upana na kuziunganisha zote. Ukurasa huo huwa kama shina, na makala zikawa matawi yanayorudisha wasomaji kwake.

Na viungo kutoka tovuti nyingine? Niviombe, nivinunue au nivisubiri?

Historia fupi itasaidia kujibu. Larry Page na Sergey Brin walipoianzisha Google mwaka 1998, jambo lililoitofautisha na injini nyingine lilikuwa PageRank, njia ya kukadiria uzito wa ukurasa kwa kuangalia kurasa zinazouelekezea viungo na uzito wa kurasa hizo zenyewe. Wazo lilikuwa zuri, na kwa sababu hiyo hiyo likavutia udanganyifu. Blogu zilipoenea, sehemu zake za maoni zilivamiwa na watu walioacha viungo vyao kila mahali, hadi Google, Yahoo na MSN zikakubaliana mwaka 2005 kuitambua sifa ya "nofollow", inayoiambia injini kwamba mwenye tovuti hakithibitishi kiungo husika. Mwaka 2012 Google ilitoa sasisho liitwalo Penguin, lililozilenga tovuti zenye viungo vya kununuliwa na vya kutengenezwa. Mwanzoni mwa 2014 Matt Cutts, ambaye wakati huo aliongoza kikosi cha Google cha kupambana na taka, alionya hadharani dhidi ya kuandika katika blogu za wengine kwa lengo la kupata viungo tu. Kisha mwaka 2019 zikaongezwa sifa mbili, "sponsored" kwa viungo vilivyolipiwa na "ugc" kwa vile vilivyowekwa na wasomaji.

Kwa hiyo kununua viungo ili kupanda ni kuvunja kanuni, na kuandika maoni katika blogu za watu ili uache anwani yako ni kazi isiyo na malipo. Kuandika katika blogu ya mwenzako kwa ajili ya wasomaji wake hakuna ubaya, maadamu una jambo la kuwaambia. Kuhusu kusubiri, viungo huja kwa makala ambazo wengine wanazihitaji ili kukamilisha maelezo yao wenyewe: jedwali la vipimo ulilolipima, picha ya hatua ambayo hakuna aliyewahi kuipiga, matokeo ya jaribio lako. Makala inayokusanya yaliyosemwa na wengine haina sababu ya kunukuliwa, kwa maana anayetaka kunukuu atakwenda kwenye chanzo.

Blogu iwe ndani ya tovuti au ijengwe pembeni?

Ikiwezekana, iwe ndani ya kikoa kile kile, yaani jina lile lile la anwani ya tovuti, katika folda kama /blogu/. Google imesema kwamba folda na kikoa kidogo (neno kama "blogu." mbele ya jina la tovuti) vyote vinakubalika, na yapo mazingira ambamo mfumo wa tovuti unalazimisha kikoa kidogo. Bado ninapendelea folda, kwa sababu za kawaida kabisa: viungo vya ndani hujengeka kwa urahisi, takwimu huonekana mahali pamoja, na msomaji hahisi kwamba amehamishwa.

Jambo la kuepuka ni kuiweka blogu ya biashara yako katika kikoa cha mtoa huduma mwingine wakati una kikoa chako. Viungo vyote ambavyo makala zako zitavipata vitaelekezwa kwenye anwani isiyo mali yako, na siku huduma hiyo ikibadilisha masharti au kufungwa, huna hakika ya kuihamishia sifa hiyo nyumbani. Ukitaka kuchapisha makala yako pia mahali pengine, ichapishe kwanza kwako, na uombe nakala ya pili iwekewe lebo ya kanoniki inayotaja anwani ya asili.

Ninaweza kuandikiwa makala na akili mnemba?

Google ilieleza Februari 2023 kwamba inaangalia ubora wa maudhui na si namna yalivyotengenezwa. Machi 2024 ikaongeza katika sera zake za taka kipengele kinachohusu uzalishaji wa kurasa kwa wingi kwa lengo la kupanda katika matokeo, uwe umefanywa na mashine, na watu au kwa kuchanganya vyote viwili. Ukiyasoma matamko haya pamoja, utaona kwamba chombo hakijakatazwa. Kilichokatazwa ni kiwanda.

Tatizo la makala ya mashine kwa blogu ya biashara haliko katika kugunduliwa. Programu hizo huandika kwa kutegemea yale yaliyokwisha kuandikwa, na makala inayorudia yaliyopo haimpi msomaji wala injini sababu ya kuichagua badala ya zile zilizotangulia. Fundi aliyefungua pampu 300 anajua muhuri upi hupasuka kwanza. Aanze na jambo hilo, kisha akitaka atumie programu kusahihisha tahajia au kupanga aya, na kila kipimo akihakiki mwenyewe, kwa kuwa programu hizo huweza kutaja namba isiyo sahihi kwa lugha ya kujiamini kabisa.

Je, jina la mwandishi lina maana yoyote?

Lina maana kwa msomaji, na hiyo inatosha kuliweka. Google huwapa watathmini wake mwongozo unaosisitiza uzoefu, utaalamu, mamlaka na uaminifu. Kipengele cha uzoefu kiliongezwa Desemba 2022. Tathmini za watu hao hazibadilishi moja kwa moja nafasi ya ukurasa fulani, bali hutumika kupima kama mifumo inafanya kazi vizuri. Eleza basi kwa sentensi mbili mwandishi ni nani na ameijuaje mada. Kwa mambo ya afya, fedha na usalama, makala isiyo na mwenyewe haipaswi kuchapishwa.

Nifanye nini na makala za zamani zisizosomwa?

Zipitie moja moja, kwa kuwa hazina ugonjwa mmoja. Baadhi zina jambo zuri ila zimepitwa na wakati. Zirekebishwe na zibaki katika anwani ile ile, kwani anwani ya zamani inaweza kuwa na viungo tayari. Nyingine ni ndugu wanaogombania swali moja: makala tatu ulizoandika kwa miaka tofauti kuhusu pampu isiyotoa maji, kila moja ikiwa na theluthi ya jibu. Hizo ziunganishwe kuwa moja yenye nguvu, na anwani mbili zilizobaki zielekezwe kwake kwa uelekezaji wa kudumu, yaani 301, ili mwenye kiungo cha zamani asikute ukuta. Lipo pia kundi la tatu, la matangazo ya sikukuu na salamu zilizopita, ambalo linaweza kufutwa bila majuto.

Kufuta kwa mkupuo kila kisichosomwa ni haraka mbaya. Makala yenye wasomaji wachache kwa mwezi inaweza kuwa ndiyo inayoleta wanunuzi, kwa sababu wachache hao walikuwa na swali mahususi na pesa mkononi.

Kasi ya ukurasa na matumizi ya simu vinahusikaje?

Google sasa huisoma tovuti kwa jicho la simu, hivyo kisichoonekana katika toleo la simu ni kama hakipo. Vipimo vyake vya uzoefu wa ukurasa ni vitatu: sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kuruka-ruka kwa vitu wakati wa kupakia isizidi 0.1. Katika blogu mkosaji huwa ni picha. Picha iliyotoka moja kwa moja katika kamera na kupakiwa bila kupunguzwa inaweza kuwa nzito kuliko maandishi ya blogu nzima. Ipunguze, itajie upana na urefu wake, na uiandikie maelezo mbadala yanayosema kinachoonekana. Hata hivyo, kasi haiokoi makala isiyo na jibu.

Nikitaka kuandika kwa lugha mbili?

Kila lugha iwe na ukurasa na anwani yake, kisha kurasa hizo zitambulishane kwa lebo za hreflang, ambamo Kiswahili huandikwa kwa msimbo "sw". Usichanganye lugha mbili katika makala moja, na usichapishe tafsiri ya mashine ambayo hakuna aliyeisoma. Iwapo nguvu zinatosha lugha moja tu, chagua ile ambayo wateja wako huitumia kuuliza.

Ukurasa wa maswali na majibu kama huu una faida yoyote ya pekee?

Uliwahi kuwa nayo. Kwa miaka kadhaa mtu akiweka alama za data zilizopangiliwa za Schema.org, zinazoieleza injini ndani ya msimbo kwamba hili ni swali na hili ni jibu, maswali yake yaliweza kuonyeshwa moja kwa moja chini ya kiungo chake katika matokeo ya Google. Agosti 2023 Google ililipunguza onyesho hilo likabaki kwa tovuti chache za serikali na za afya zinazotambulika. Ukurasa wa maswali umebaki na faida yake ya asili, yaani kumjibu anayeuliza, na swali likihitaji zaidi ya aya tatu ni dalili kwamba linastahili makala yake.

Matokeo yataonekana baada ya muda gani, na nitayapimaje?

Makala inaweza kuingia katika faharasa ndani ya siku chache, lakini kupata wasomaji wa kudumu huchukua miezi. Google yenyewe iliwahi kuwaeleza wenye tovuti kwamba kazi ya aina hii kwa kawaida huhitaji miezi minne hadi mwaka kabla ya manufaa kuonekana. Anayekuahidi nafasi ya kwanza ndani ya wiki mbili anakuuzia kitu asichokimiliki.

Pima kwa Search Console, ukijua kwamba huhifadhi takwimu za miezi 16 tu. Zipakue mapema kama unataka kulinganisha miaka. Linganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliopita, kwa kuwa mahitaji mengi hufuata majira. Wastani wa nafasi usikutie hofu ukishuka: makala ikianza kuonekana kwa maswali mapya hamsini, nyingi za nafasi hizo zitakuwa za chini mwanzoni, na wastani utashuka wakati ambapo blogu inakua. Vilevile, tangu Google ilipoanza mwaka 2024 kuweka muhtasari wa akili mnemba juu ya matokeo ya baadhi ya maswali, inawezekana makala ikaonyeshwa mara nyingi zaidi na kubofywa mara chache. Kwa hiyo hesabu pia kinachotokea baada ya kubofya. Waulize wanaopiga simu walikupataje, na andika majibu yao katika daftari moja pamoja na tarehe. Mteja akisema "nilisoma kwamba pampu ya juu haiwezi mita 15", utajua ni makala ipi iliyomleta, na utakuwa na sababu ya kuirudia makala hiyo kwanza utakapokaa kufanya marekebisho.